Ukitaka kulijua tumbo lako, funga siku moja Mombasa

WATU wengi wa bara wakienda Mombasa huwa wanakwenda kula. Mtu atashuka garimoshi la SGR pale Miritini, na kabla hajaiona Fort Jesus kwa macho yake, tayari ameuliza biryani nzuri inapikwa wapi. Simlaumu. Mombasa ni mji uliojaliwa mikono ya kupika. Lakini leo nataka nikualike uende mji huo huo kwa kazi iliyo kinyume kabisa. Uende ukafunge kula siku moja tu, kuanzia jioni hadi jioni, kisha urudi nyumbani ukilijua tumbo lako.

Huenda ukauliza: Kwani kufunga kunahitaji safari? Si mtu afunge kwake Githurai, Langas au Nyalenda na nauli abaki nayo mfukoni? Naam, anaweza. Tatizo la kufunga nyumbani ni kwamba kila kitu kimezoeleka. Kiti ni kile kile, saa ni ile ile, kikombe ni kile kile, na mkono huufuata mkate wenyewe kabla hujafikiri. Katika mji mgeni mkono hukosa njia yake.

Nako kufunga mahali pasipo na chakula hakufundishi sana, kwa kuwa hapana cha kukataa. Mji wa Kale wa Mombasa ndio mahali penyewe. Chakula kiko kila pembe na harufu yake hukufuata hadi kitandani. Papo hapo wenyeji wake ni watu waliojua kufunga tangu utotoni, hivyo hakuna atakayekushangaa wala kukushika mkono akulazimishe kula.

Njaa ni kitu kimoja, mazoea ni kingine

Wahenga walisema kuwa mazoea yana taabu. Hebu jichunguze. Ile chai ya saa nne ofisini na mandazi mawili, huinywa kwa sababu una njaa au kwa sababu ni saa nne? Ule wali wa watoto uliobaki sahani, huumaliza kwa njaa au kwa kuuonea huruma? Na zile chipsi za usiku mbele ya televisheni je?

Jambo hili si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa nchini mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba karibu asilimia 33 ya wanawake wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa wamepita uzito unaofaa. Uzito wa namna hiyo, hasa unaokusanyika tumboni, huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Siku hizi ni nadra kufika kwenye matanga usisikie kisukari kikitajwa.

Nami nina sababu yangu. Baba yangu alifariki kwa kisukari, baada ya kukatwa mguu mmoja na kisha wa pili. Mwaka huu nimefikisha umri aliokuwa nao alipoambiwa kwa mara ya kwanza kuwa ana ugonjwa huo. Nilipokwenda kupimwa, daktari aliniambia kuwa bado sijawa mgonjwa, ila sukari yangu imekaribia mpaka. Hakuniandikia dawa. Aliniuliza swali moja tu: "Mara ya mwisho kuhisi njaa ilikuwa lini?"

Nilifikiri sana. Niliweza kukumbuka kula, lakini njaa sikuikumbuka.

Mwili unafanya nini ukifunga

Tuseme umekula chakula cha jioni saa moja usiku. Kwa saa kadhaa mwili hutumia sukari iliyotokana na chakula hicho. Ikipungua, ini hufungua ghala lake. Humo mna akiba ya sukari iitwayo glikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufika kama gramu 100. Kadiri asubuhi inavyosogea na akiba hiyo inavyopungua, mwili huanza kuchoma mafuta zaidi. Kwa mtu mwenye afya hakuna la kutisha hapo. Mwili umeumbwa kuyahimili hayo, na babu zetu walikwenda safari na vita kwa mtindo huo.

Jambo la ajabu zaidi liko kwenye njaa yenyewe. Mwaka wa 1999 wataalamu wa Japani waligundua homoni inayotoka hasa tumboni, ambayo huuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Huitwa grelini. Baadaye watafiti waliwapima watu waliokaa zaidi ya siku nzima bila kula. Waliona kwamba homoni hiyo hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula, kisha hushuka yenyewe, hata kama mtu hajatia kitu kinywani.

Maana yake ni kwamba ile njaa ya saa saba mchana haiongezeki hadi ikuue. Huja kama wimbi la bahari, ikapanda, ikapasuka, ikarudi. Anayekula kila wimbi linapoinuka hawezi kulijua hilo.

Hata hivyo, usidhani kwamba ukifunga siku nyingi utafaidika zaidi. Kati ya mwaka wa 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea. Kwa muda wa miezi sita walikula kama nusu ya walichohitaji. Wengine wao waliishia kuota vyakula na kusoma vitabu vya mapishi kama watu wanaosoma barua za wachumba, na waliporuhusiwa kula tena wengi walikula kupita kiasi. Njaa ndefu hulifanya tumbo kuwa bwana. Ndiyo maana mwaliko wangu ni wa siku moja tu.

Kabla ya kukata tikiti

Wapo ambao mwaliko huu hauwahusu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au tembe za kushusha sukari asifunge bila ya daktari wake kujua, kwani sukari yaweza kushuka ghafla akazirai. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, mwenye vidonda vya tumbo na anayetumia dawa zinazotakiwa kuandamana na chakula, hao pia wasijaribu. Vilevile mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula au wa kula na kujitapisha, akae mbali kabisa na jambo hili.

Wewe uliye mzima, kunywa maji mchana kutwa. Waislamu wanaofunga kwa ibada hujizuia hata maji, lakini hao wana nia yao na mazoezi yao ya tangu utotoni. Wewe mgeni wa joto la Mombasa, usijipime nao. Na endapo utatetemeka, utatokwa na jasho jembamba au utaona kizunguzungu kisichoisha, mfungo umekwisha hapo hapo. Kula kitu chenye sukari na utafute kivuli.

Usiende mwezi wa Ramadhani. Wakati huo mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, kwa hiyo utakuwa huna cha kukishinda, na jioni kuna karamu ya futari itakayokushinda wewe. Nenda siku ya kawaida, na uifanye siku yako ya kufunga iwe Alhamisi au Jumatatu. Hizo ndizo siku ambazo Waislamu wengi hufunga saumu ya sunna, hivyo utapata wa kufungua naye. Nunua daftari dogo na kalamu. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, na nitakueleza matumizi yake.

Usiku wa kwanza

Fika Jumatano mchana na utafute nyumba ya wageni ndani ya Mji wa Kale, si ufukweni. Mimi nilipata chumba kwenye ghorofa ya juu ya nyumba moja yenye mlango wa nakshi, kwa mama mmoja aliyekaribia miaka 70. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimekuja kwa biashara au kwa kutembea.

"Nimekuja kufunga, mama," nikamwambia.

"Wafunga kwa nia gani, mwanangu?"

"Nataka kulijua tumbo langu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Basi hulijui? Tumbo ni kama mtoto. Likilia si kila mara lina njaa. Pengine limezoea kubebwa tu."

Jioni hiyo alipika wali wa nazi, samaki na mchicha. Kula kama kawaida yako, msomaji. Usijishindilie kwa kuogopa kesho, kwani anayekula vyakula viwili kwa mpigo huyo hajafunga, ameahirisha tu. Saa moja na nusu tulikuwa tumemaliza, nikaandika saa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Asubuhi ya mahamri

Utaamshwa na adhana ya alfajiri. Kunywa maji, oga, na saa moja asubuhi uwe barabarani. Hapo ndipo utakapojaribiwa mara ya kwanza, kwa kuwa ndio wakati wa mahamri kutoka karaini. Harufu ya iliki hujaa vichochoro vyote, na kando yake kuna sufuria ya mbaazi za nazi.

Sasa toa daftari. Kila utakapotamani kula, andika mambo matatu: saa, kilichokutamanisha, na kama tumbo lenyewe limedai. Mimi niliandika: "Saa moja na robo. Harufu ya mahamri. Tumbo kimya." Nilishangaa kuona maneno hayo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mate yalikuwa yamejaa kinywani ilhali tumbo lilikuwa halina habari.

Endelea hadi Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu mwaka wa 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Usiipite haraka. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 watu waliokuwa ndani walizingirwa na majeshi ya Oman. Kwa muda wa karibu miezi 33 njaa na maradhi viliwamaliza mmoja baada ya mwingine, Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, hata ngome ilipotekwa walikuwa wamesalia wachache mno.

Simama juu ya ukuta huo ukiwa na tumbo tupu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na wewe bado hujamjua, kwa sababu njaa yako ina saa ya kwisha. Lakini angalau utatambua kuwa kukosa na kujizuia ni mambo mawili. Kwa mwenye uwezo wa kuchagua, kula ovyo kila saa ni njia mbaya ya kushukuru.

Kutoka ngomeni fuata barabara ya Mbarak Hinawy. Utaupita msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa ulijengwa mwaka wa 1570, kisha utatokea kwenye uwanja ulio mbele ya bandari ya kale. Hapa ndipo majahazi kutoka Arabuni na Ghuba yalipokuwa yakishusha tende kila yalipoletwa na upepo wa kaskazi.

Barazani utakuta wazee na muuza kahawa, dele la shaba mkononi na vifinjani vikigonganishwa. Mzee mmoja alinikaribisha kahawa tungu. Nikamwambia, "Ahsante mzee wangu, leo nimefunga kula."

"Basi kaa tu tuzungumze," akajibu, akasogea kunipa nafasi.

Kwetu bara ukikataa chai, utaulizwa kama unaumwa au umegombana na mkeo. Hapo nilikaa kama nusu saa na hakuna aliyenirudia suala la kinywaji. Ndipo nikaelewa kuwa sehemu kubwa ya kula kwangu ni adabu. Ninakula ili mwenyeji asikasirike. Hilo nalo nililiandika.

Dini nne, barabara chache

Pinda kupitia Ndia Kuu na Kibokoni, kisha uelekee barabara ya Langoni. Utaliona hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe, lililojengwa mwaka wa 1963. Wajaini ni miongoni mwa watu wanaofunga sana duniani. Katika siku zao nane za Paryushan, ambazo huangukia Agosti au Septemba, wako wasiokula kitu, wakinywa tu maji yaliyochemshwa, tena kabla jua halijatua. Wana pia funzo liitwalo unodari, yaani kula pungufu ya shibe yako kwa kukusudia. Mtu huacha kula akiwa bado anaweza kuongeza.

Waislamu wa mitaa hii nao wana funzo linalokaribiana na hilo. Mtume aliwafundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: fungu la chakula, la maji na la pumzi. Wahindu wengi wana siku yao ya Ekadashi, ya 11 katika kila nusu ya mwezi mwandamo, ambayo huacha nafaka. Ukitoka sokoni Marikiti kwenye magunia ya bizari na mdalasini, na kufuata barabara ya Digo hadi Nkrumah, utaliona kanisa kuu la Wakatoliki la Holy Ghost. Wao siku ya Jumatano ya Majivu na ya Ijumaa Kuu hula mlo kamili mmoja, na milo mingine miwili midogo ambayo ikijumlishwa haifiki mlo mmoja.

Yote hayo yamo katika mwendo wa miguu, na utaona yanafanana katika mambo mawili. Kila mfungo una mwanzo na mwisho unaojulikana, na mgonjwa husamehewa.

Saa sita mchana mimi nilikuwa Marikiti, mbele ya mapipa ya achari za embe na mabuyu mekundu. Hapo tumbo lilidai kwa sauti. Haikuwa harufu tena, ilikuwa njaa, ikikwangua chini ya mbavu. Niliandika: "Saa sita na dakika kumi. Njaa." Karibu niipigie makofi kama rafiki aliyepotea. Nilirudi chumbani, nikanywa bilauri mbili za maji na kulala. Nilipoamka saa saba ilikuwa imekwisha kwenda zake.

Saa kumi, saa ya mtihani

Usijifungie chumbani hadi jioni, kwani mtu asiye na shughuli huhesabu dakika. Panda tuktuk uende Mama Ngina, kule kwenye mibuyu mikubwa, uangalie meli zikiingia Kilindini na feri za Likoni zikipishana.

Huko nako watu wanakula. Kuna mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, kuna madafu, kuna watoto na mifuko yao ya mihogo ya kukaanga. Saa kumi kichwa kiliniuma kidogo, nikawa mwepesi wa hasira. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, na hapo nililegea kweli. Njaa ya pili iliandikwa saa kumi na robo. Wakati huo huo niligundua jambo jingine: mara mbili nilikuwa nimetamani kula kwa sababu tu sina la kufanya. Nyumbani uchovu wa namna hiyo huutibu kwa biskuti.

Kunywa maji, kaa penye upepo, tembea polepole. Saa kama mbili tu zimebaki.

Futari ya mtu mmoja mzima

Usiposoma sehemu nyingine yoyote ya makala haya, soma hii. Mfungo hauharibiki mchana, huharibika jioni. Wako watu wanaofunga Ramadhani nzima kisha mwezi ukiisha wamenenepa, kwa sababu kila jua likitua huingia vitani na sambusa, kaimati, viazi vya nazi, tambi na sharubati kwa pamoja.

Yule mama alikuwa amefunga siku hiyo. Adhana ya Magharibi ilipoita, alinisogezea kisahani. Juu yake mlikuwa na tende tatu, na kando yake bilauri ya maji na kikombe cha uji wa pilipili manga. Kisha akaondoka kwenda kuswali. Biryani ilikuwa mezani, imefunikwa kawa, na mvuke wake ulikuwa ukipenya.

"Mama, tunakungoja wewe au tunangoja nini?" nikamuuliza aliporudi.

"Twangoja tumbo lipate habari kwamba limekula," akanijibu. "Usile kwa jicho, baba. Jicho halishibi."

Ukipenda kuujua utaalamu wa maneno hayo, ni kwamba habari za shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Anayekula kwa haraka huwa amepita kiasi kabla habari hazijafika. Tende, maji na subira humpa mjumbe huyo nafasi ya kutembea.

Akanipakulia. Nilikula kwa utulivu, na nilipofika karibu nusu ya sahani nikahisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi kwa miaka: kwamba inatosha. Halikuwa tumbo kujaa wala mkanda kubana. Ilikuwa ni hali ya kutosheka tu, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Yule mama aliona mkono wangu umesimama. Hakunihimiza niongeze. Akafunika sahani na kusema kesho itakuwa kiporo kizuri.

Hesabu ya daftari

Usiku huo nilihesabu. Nilitamani kula mara 14. Mara tano ilikuwa ni harufu, mara tatu kuona wengine wakila, mara mbili ni saa ya mazoea kufika, mara mbili ni kukosa la kufanya. Njaa yenyewe ilikuwa mara mbili tu. Kama ningekuwa nyumbani ningeitikia mara zote 14, au angalau kumi kati yake.

Sikudanganyi kwamba siku moja itakupunguzia uzito. Gramu utakazopoteza nyingi ni za maji na zitarudi ukila. Hata wale wanaofunga mara kwa mara kwa miezi mingi, uchunguzi umeonyesha kuwa kwa kawaida hawapungui zaidi sana kuliko mtu anayepunguza chakula chake kila siku. Faida ya siku hii iko kwenye ile hesabu. Sasa unajua ni nani anayekuita mezani.

Ukirudi nyumbani usijaribu kuyafuta yote 12 kwa siku moja, maana utashindwa na kukata tamaa. Chagua moja. Mimi nilichagua mandazi ya saa nne. Chai yake nimebaki nayo, bila sukari, na wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu kuliko ile Alhamisi nzima. Baada ya hapo wimbi la saa nne likaanza kuja dogo. La pili nililolichagua ni kupakua mara moja tu, kisha kusubiri zile dakika 20 kabla ya kuongeza. Mara nyingi siongezi. Daktari amenipa tarehe ya kupimwa tena, na matokeo, yawe yawavyo, nitayapokea nikijua kwamba nimeanza.

Kama nauli ya Mombasa haijapatikana, usingoje. Kila mji nchini una Marikiti yake na karai lake. Wa Kisumu atapita penye samaki wa kukaanga pale Dunga, wa Nakuru atapita penye mahindi ya kuchoma, wa Nairobi atapita penye smokie na mayai. Chagua siku moja, mwambie mtu mmoja wa nyumbani ili akuangalie, kula chakula cha jioni kama kawaida, na asubuhi ushike njia ukiwa na maji na daftari. Kila kitakapokuita, kiandike jina.